Kabla Hujakubali Sindano: Namna ya Kumtambua Mtaalamu wa Kweli wa Tiba ya Kichina

Mzee mmoja wa Mazingara, wilayani Handeni, aliletwa kliniki kwetu akiwa amebebwa na wanawe wawili. Ujana wake aliumaliza akikata mkonge katika mashamba ya Korogwe, na uzee alikuwa ameuanza kwa kulima mahindi na kutunza michungwa yake michache. Mgongo ulikuwa umemuuma kwa muda wa miezi tisa. Katika miezi mitatu ya mwanzo alikwenda kituo cha afya mara tatu, na mara zote tatu alirudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Ndipo jirani akamwelekeza kwa mtu aliyejiita daktari wa Kichina, aliyekuwa amepanga chumba katika mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Segera. Huko alichomwa sindano za mgongo kwa awamu kumi na nne na kuuziwa makopo ya unga wa mitishamba. Alipofika kwetu miguu ilikuwa imelegea, na suruali yake ilishikiliwa kwa kamba kwa jinsi alivyokonda. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zilizoliwa na kifua kikuu.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo hutibika, na dawa zake hutolewa nchini bila malipo. Mzee huyo alitibiwa, na leo anatembea kwa mkongojo. Lakini angegunduliwa mapema asingehitaji mkongojo. Nilimuuliza, nadhani kwa sauti iliyokuwa na lawama ndani yake, kwa nini hakurudi hospitali kwa muda wa nusu mwaka mzima. Alinijibu taratibu: "Daktari, yule wa sindano alinishika mgongo. Ninyi hamkunishika."

Nilikuwa nimekusudia siku nyingi kuandika makala ya kuwaonya wananchi dhidi ya matapeli wa tiba mbadala. Jibu la mzee huyo lilinilazimisha kuyaandika upya. Onyo bado nitalitoa. Lakini mgonjwa hawezi kumtambua tapeli iwapo sisi wenye vyeti halali hatujamwonyesha utabibu wa kweli unavyofanana.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba tiba ya Kichina ni jambo geni au la kudharauliwa. Madaktari kutoka China walianza kuhudumu Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Jimbo la Jiangsu ndilo hupeleka timu Zanzibar, na jimbo la Shandong hupeleka Bara. Wengi wao ni wapasuaji na mabingwa wa tiba ya kisasa, lakini miongoni mwao wamekuwamo pia wataalamu wa tiba ya sindano, yaani akupancha. Mwaka 1987, wakati ambapo hapakuwa na dawa za kufubaza VVU katika hospitali zetu, wataalamu wa China na wa Muhimbili walianza kushirikiana kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba ya Kichina. Wagonjwa wetu wamekwisha kuonja tiba hiyo mikononi mwa watu waliosomea, na sifa iliyopatikana ilikuwa ya haki.

Kliniki binafsi zilifuata baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1990. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyezichunguza kliniki hizo nchini mwetu, ameonyesha kuwa kwa kiasi kikubwa zilitegemea dawa zilizokwisha kutengenezwa viwandani na kufungwa tayari, badala ya mchanganyiko wa mitishamba unaoandaliwa kwa kila mgonjwa kulingana na hali yake. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kuandaa dawa kwa ajili ya mgonjwa mmoja kunahitaji miaka ya masomo. Kuuza pakiti kunahitaji rafu tu. Leo sifa iliyochumwa na madaktari wa timu za serikali hutumiwa na kila mwenye rafu, awe Mchina au Mtanzania. Wana wa yule mzee waliniambia kwamba "daktari wa Kichina" wa baba yao alikuwa Mtanzania mwenzetu. Ukutani alitundika cheti kilichoandikwa kwa herufi za Kichina, ambacho hakuna mgonjwa aliyeweza kukisoma.

Je, tiba ya sindano inasaidia? Swali hili linastahili jibu la kweli hata kama halimfurahishi kila mtu. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Ujerumani uliowahusisha wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Kundi moja lilichomwa sindano katika sehemu zinazofundishwa na mapokeo ya Kichina. Kundi la pili lilichomwa juujuu tu, katika sehemu ambazo si za mapokeo hayo. Kundi la tatu lilipata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa takriban asilimia 48 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 27 katika la tatu.

Takwimu hizo zinawaambia wakosoaji kwamba mgonjwa wa mgongo anayesema amepata nafuu kwa sindano si mwongo, na kwamba kile tunachompa sisi si bora kama tunavyojidai. Lakini zinawaambia pia mashabiki wa sindano kwamba tofauti kati ya sehemu sahihi na sehemu isiyo sahihi ilikuwa ndogo mno. Sehemu kubwa ya nafuu hutokana na mambo mengine: muda wa kukaa na mgonjwa, kumgusa, matumaini, na jinsi mwili unavyoitikia kuchomwa. Kutokana na hilo nimefikia msimamo ambao ndio kiini cha makala haya. Ikiwa siri ya mahali pa kuchoma haileti tofauti kubwa, basi mtaalamu bora hatambulikani kwa siri anazozijua. Hutambulikana kwa kujua ni mgonjwa gani hapaswi kuchomwa kabisa, na ni lini amwambie, "Ugonjwa wako si wa kwangu, nenda hospitali."

Kuhusu mitishamba, mfano ulio bora umo katika nyumba zetu wenyewe. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou aliusoma ushauri wa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, juu ya mmea uitwao qinghao, akatambua kwamba joto la kuchemsha huenda linaiharibu dawa yenyewe, naye akabuni njia ya kuikamua bila moto mkali. Ndipo ikapatikana atemisinini, na mwaka 2015 Tu Youyou akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto anayopewa mtoto wa Handeni anapougua malaria ina mzizi wake katika kitabu hicho cha kale. Korogwe nayo, kupitia kituo cha utafiti cha NIMR, ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoifanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S. Kwa hiyo watu wa wilaya hizi mbili hawana haja ya kufundishwa kwamba elimu ya dawa inaweza kutoka China, Ulaya au kwa bibi kijijini. Jambo la kuuliza ni kama imepimwa, na kama anayeitoa anaijua.

Madhara ya kutojua hayachagui rangi wala cheo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliandikiwa na madaktari vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanafanana. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Walioandika dawa hizo walikuwa na shahada halali za udaktari; walichokosa ni elimu ya mitishamba. Nalisema hili hasa kwa ajili yetu sisi madaktari, tusije tukadhani kwamba koti letu jeupe linatutosha kuchoma sindano za akupancha au kuuza unga wa mizizi tusiyoijua.

Ndugu msomaji, unapotaka kwenda kwa mtoa tiba ya Kichina, anza na usajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na tiba ya Kichina kwetu huhesabiwa katika tiba mbadala. Baraza husajili vitu vitatu tofauti: mtoa tiba, kituo chake na dawa zake. Kuwa na kimoja si kuwa na vyote. Leseni ya biashara au namba ya mlipakodi si ruhusa ya kutibu. Omba kuona cheti cha Baraza chenye jina la huyo anayekuhudumia, si la tajiri mwenye duka. Ukiwa na shaka, yuko mratibu wa tiba asili katika halmashauri yako, ofisini kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kuuliza hakuna gharama.

Baada ya usajili, uliza elimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kwamba mtu asiye daktari anayetaka kuwa mtaalamu kamili wa akupancha asome saa 2,500, zikiwamo saa 1,000 za mazoezi na kuhudumia wagonjwa. Hata daktari anayetaka kuitumia kwa matatizo machache tu alipendekezewa saa zisizopungua 200. Huko China kwenyewe anayetibu kwa tiba ya jadi huhitaji leseni ya kutibu, na sheria maalumu ya tiba hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2017. Basi ukimuuliza mtu alisomea wapi na kwa muda gani, hujamtukana. Aliyesoma atakujibu kwa furaha, na aliyehudhuria semina ya wiki mbili atakasirika. Wala usidanganywe na uraia: si kila Mchina ni tabibu, kama ambavyo si kila Mzigua ni mganga.

Tatu, tazama anavyokupima. Mapokeo ya Kichina yanamtaka tabibu afanye mambo manne: kutazama, ukiwamo ulimi, kusikiliza na kunusa, kuuliza, na kugusa, ikiwamo kupapasa mapigo ya mshipa wa mkono. Yote manne humtaka tabibu awe karibu na mgonjwa. Siku hizi imeenea mashine ndogo ambayo mgonjwa hushika kipini chake, na baada ya dakika chache kompyuta hutoa orodha ndefu ya maradhi ya mwili mzima, kuanzia figo hadi upungufu wa madini. Hakuna kifaa cha kushika mkononi kinachoweza kugundua hayo. Hakimo katika tiba ya kisasa, wala hakimo katika tiba ya jadi ya Kichina. Kazi yake ni kumtisha mtu ili anunue makopo. Ukikuta mashine hiyo, aga uondoke.

Nne, angalia sindano zenyewe. Kila mmoja wetu alikwisha kufundishwa, tangu UKIMWI ulipoingia, kutochangia wembe wa kunyolea, wa chale wala wa chuku. Sindano ya akupancha ni hivyohivyo: inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B, aina ya C na VVU. Iwe mpya, imefungwa katika pakiti, ifunguliwe mbele yako, na ikishatumika itupwe katika sanduku la vitu vyenye ncha kali. Anayekuambia kwamba amezichemsha, au kwamba zako zimewekwa katika chupa yenye jina lako, usimkubalie. Mtoa tiba anawe mikono na kukusafisha ngozi. Kadhalika akuulize kama una mimba, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama unatokwa damu kirahisi, na kama una kifaa cha umeme moyoni. Sindano ikizamishwa mno kifuani au mgongoni karibu na mabega huweza kutoboa pafu. Ukipata kubanwa pumzi au kichomi baada ya kuchomwa, nenda hospitali saa ileile.

Tano, uliza kilichomo ndani ya kopo. Dawa iwe na lebo unayoweza kuisoma, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa zilizouzwa kama mitishamba mitupu kumbe zimetiwa vidonge vya kisasa kwa siri: steroidi katika dawa za viungo, dawa za kushusha sukari katika dawa za kisukari, na dawa za nguvu za kiume. Nafuu ya ghafla katika siku mbili si lazima iwe baraka. Hata mitishamba halisi huweza kudhuru: likorisi, mzizi mtamu unaotumika sana katika michanganyiko ya Kichina, hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini ikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu.

Mwisho ni lile nililolitaja awali, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Msikilize anachokikataa. Anayedai kutibu kisukari, saratani, ugumba, kifafa na VVU katika chumba kimoja hajui hata kimoja. Anayekwambia uache dawa za presha, insulini, dawa za kifua kikuu au za kufubaza VVU amekwisha kukuhatarisha hata kama ana vyeti kumi. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, kukonda, jasho la usiku, ganzi au udhaifu wa miguu, au kushindwa kuzuia haja, hayana sindano. Mtaalamu wa kweli wa tiba ya Kichina anayajua hayo, na angempeleka yule mzee hospitali siku ya kwanza.

Najua majibu ya baadhi ya wenzangu. Wako wasemao kwamba orodha kama hii ni kuhalalisha jambo lisilo na uthibitisho, na kwamba wajibu wetu ni kuwakataza wagonjwa moja kwa moja. Nimelijaribu katazo hilo kwa miaka mingi. Matokeo yake ni kwamba wagonjwa waliendelea kwenda, ila waliacha kuniambia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi ni sisi tunaomfundisha mgonjwa kuficha. Wako pia wasemao kwamba cheti cha Baraza hakithibitishi uwezo. Ni kweli, kama ambavyo cheti changu hakinizuii kukosea. Lakini aliyesajiliwa anajulikana jina na mahali alipo, na akidhuru mtu kuna pa kushtaki. Yule aliyemchoma mzee wetu alihama chumba kabla ya mvua za masika, wala hakuna aliyejua jina lake kamili.

Wahudumu wa afya wenzangu wa Handeni, Korogwe na kwingineko, nanyi nawaomba mambo matatu. Muulizeni kila mgonjwa, bila kukunja uso, ni tiba gani nyingine anayotumia, na muiandike katika faili lake. Mfahamuni mratibu wa tiba asili wa halmashauri yenu, na mpelekeeni taarifa mnapokutana na mgonjwa aliyedhuriwa. Na mgonjwa wa mgongo akirudi mara ya pili na maumivu yaleyale, mlazeni kitandani, mshikeni mgongo, mgongeni pingili moja baada ya nyingine, mpimeni nguvu ya miguu, mumuulize kuhusu homa na kukonda. Hayo hayahitaji mashine, na hayachukui zaidi ya dakika kumi.

Najua foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Nami nimekaa katika vyumba hivyo hivyo. Lakini yule mzee alitembea kutoka kwetu hadi kwa mtu asiyejua kitu kwa sababu moja tu, nayo haikuwa ushirikina wala ujinga. Alihitaji mtu wa kumshika panapouma, na mtu wa kwanza kufanya hivyo ndiye aliyemwamini. Anapokuja kliniki siku hizi kwa ajili ya kuangaliwa, hugeuka mwenyewe na kuinua shati kabla sijamwambia.